Faili la Kadii Gona

Maweni, Malindi
Jumatano, 10 Juni 1987

Dada Mbodze,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na mama alitulea hivyo, si kwa sababu moyo umependa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na shemeji Kaingu mzima, na watoto wote, na yule mdogo awe ameacha kukohoa. Mimi mwilini sina neno. Nakula, nalala, miguu inanibeba. Mengine nitakueleza hapa chini, na nakuomba usome mpaka mwisho hata kama utakasirika. Utakasirika. Jifungie ndani usome peke yako, na ukimaliza uitie motoni, uhakikishe imeungua yote.

Barua yako niliipata Alhamisi, kwa mkono wa dereva wa lori la mchanga. Mistari mitano. Umesema nisikutumie tena watu kukuuliza habari za Kadii. Umesema mambo yale yamekwisha, wazee wameshasema, na kwamba msichana akipewa kiti cha ofisini kidogo tu hujiona daktari. Halafu ukamalizia kwa kusema kwamba wewe ulitaja jina tu, na aliyelitoa faili ni mimi. Mstari huo nimeusoma mpaka karatasi imechakaa kwenye mkunjo. Ndio ulionifanya nikae kitako nikuandikie.

Hujapata kuniuliza hata siku moja kazi yangu ni kazi gani. Mlikuwa mkisema tu kwamba Nyevu yuko hospitali, na mama akajivuna sokoni kana kwamba natibu watu. Basi nikwambie. Zahanati yetu ina chumba kimoja cha mafaili, chenye dirisha dogo la kuongea na wagonjwa. Mgonjwa akija na kadi yake yenye namba, kazi ni nyepesi: naitafuta namba, natoa faili, nalipeleka kwa daktari, na jioni nalirudisha. Lakini wengi hawaji na kadi. Imelowa mvua, imeliwa na panya, mtoto ameichana, mume amesafiri nayo mfukoni. Basi namuuliza mtu jina lake na jina la babake, naenda kwenye droo ya majina kumtafuta humo. Hapo ndipo penye tabu, kwa sababu sisi watu wa huku mtu humpa mtoto wake jina la babu, na ndugu yake naye wa kwake humpa jina hilo hilo. Katika droo ile wamo Kaingu Thuku saba na Thuku Kaingu wanne, na mumeo ni mmoja wa wale saba. Mahali pa kuandika umri, makerani waliotangulia waliandika miaka kwa watoto wadogo tu. Aliyevunja ungo ameandikwa mtu mzima, basi, imekwisha. Kwa mafaili yetu msichana wa miaka kumi na minane na ajuza asiye na jino hata moja ni watu wazima sawasawa.

Mkuu wangu ni Bwana Badi Awadh, mtu wa hapa hapa mjini, mwembamba, kofia yake haijapata kuonekana na doa. Siku ya kwanza niliita wagonjwa watano na hakuinuka hata mmoja, kwa sababu hawakunisikia. Foleni ikaanza kunizomea, wakasema semea juu, hatukuja hapa kunong'onezwa. Bwana Badi akaniambia kwamba sauti yangu ni ya kuku aliyekwisha chinjwa. Watu wakacheka sana. Kisha akafunga dirisha, akanionyesha kabati zote kwa mkono, akasema hilo la sauti si neno, maana kazi hii hasa inamtaka mtu asiye na mdomo. Faili la mtu, alisema, ni kama nguo yake ya ndani. Ukipewa uifue, ifue. Usije ukaianika barabarani. Niliona haya nikainama. Akanitaka niyarudie maneno hayo mbele ya wauguzi wawili, nami nikayarudia, na walipocheka yeye hakucheka.

Wewe ulikuja siku ya Jumatano, wiki moja kabla ya Ramadhani. Foleni ilikuwa imefika kwenye bomba la maji. Hukupanga. Ulipita mbele ukisukuma watu kwa kikapu, ukisema aliye dirishani ni mdogo wako na una shida ya nyumbani. Mzee mmoja akakwambia kwamba hata yeye hakuja harusini. Ukamjibu anyamaze asije akafa kabla hajaandikwa. Nilitamani kuingia ndani ya droo nijifunike kwa kadi.

Ukaningoja mpaka adhuhuri, Bwana Badi alipokwenda kuswali. Ukanivuta nyuma ya jiko, ukanipa bajia, ukaniita mdogo wangu wa pekee. Ukanieleza kwamba Jefwa, ndugu ya mumeo, amemposa Kadii Gona. Kwamba tembo la kwanza la posa limeshanywewa na la pili liko njiani. Na kwamba wewe, mke mkubwa wa nyumba ile, huna raha. Msichana amekonda mno, ulisema, na watu wanasema aliwahi kulazwa. Ukataka niangalie tu. Nikakataa. Ukasema nyumba isije ikaoa maradhi na mimi nimekalia dawa. Nikakataa mara ya pili, nikakueleza habari ya nguo ya ndani. Ukacheka mpaka ukashika ukuta, ukaniuliza tangu lini dada yangu aliyeniogesha amekuwa mtu wa barabarani. Kisha ukaacha kucheka. Ukasema uliacha masomo darasa la saba ili mimi niende mbele, na leo nimekwenda, nimefika, na kukusomea karatasi moja ni kazi. Kadii Gona, ulisema. Majina mawili tu, au hata hayo shule haikunifunza.

Nikaingia. Nikafungua droo, nikaitoa kadi, nikalitoa faili, nikalisoma nimesimama huku nimeuegemea mlango kwa mgongo. Nikatoka nikakwambia.

Nilikwambia kwamba Kadii Gona alipasuliwa Mombasa mwezi wa Julai mwaka wa 1984, kwamba mtoto alimfia tumboni na kizazi kikatolewa chote, na kwamba hapa kwetu alikuwa akija kusafishwa mshono. Ukajiziba mdomo kwa leso. Juu ya leso macho yako yalikuwa yanacheka, niliyaona. Hukusema maskini. Hukusema lolote ila kuuliza kama gari la saa nane limeshapita. Uliniachia bajia zako zote mkononi, na mafuta yake yakanichafulia faili nililokuwa nimelificha kwapani.

Mara ya kwanza kuyasikia maneno yangu yakirudi ilikuwa katikati ya Ramadhani. Mwanamke mmoja wa Magarini, ameketi kwenye benchi chini ya dirisha langu, alikuwa akimsimulia mwenzake habari za binti wa Gona. Alisema binti yule alibeba mimba ya mwalimu akiwa shule, akainywea dawa, ikaoza tumboni, akatolewa kila kitu, na sasa wazee wake walitaka kumsukumia mtoto wa watu. Maneno yalikuwa yamenenepa njiani lakini mifupa yake niliijua, ilikuwa yangu. Mwenzake alipomuuliza ameyapata wapi, alisema yametoka kwa mshika mafaili mwenyewe. Zamu yake ikafika. Nikaliita jina lake, akaja dirishani, nikampa kadi yake. Akaniangalia usoni, akanishukuru, akaniita mwanangu.

Yaliyobaki yalinifikia kidogo kidogo. Kwamba mama mkwe wako aliyabeba kwa wazee. Kwamba wazee wa kwenu walikwenda kwa Gona kuvunja posa, wakakataa kuketi, wakasema watasimama, maana viti vya nyumba hii haviaminiki. Kwamba Mzee Gona aliapa kwa Mungu na Thuku, baba mkwe wako, akamwambia amwachie Mungu mambo makubwa, haya ya hospitali yameandikwa. Kwamba Kadii akienda kusaga mahindi, wasichana pale kinuni humpisha mbele, wakiambiana mpisheni apite, huyo uji wake ni wa mtu mmoja. Mamake haendi tena kanisani. Ndipo nikakutumia watu mara mbili nikuulize kama ni kweli, na kama umewahi kuwaambia neno lolote la kuwazuia. Ndipo ukaniletea mistari yako mitano.

Sasa sikiliza. Umeolewa boma la pili kutoka kwa kina Gona, na huu ni mwaka wako wa sita pale. Unajua kuliko mimi kwamba pale kuna Gona wawili, mabinamu, wote wamechukua jina la babu yao. Unajua kwamba kila mmoja alimpa binti yake jina la nyanya, Kadii. Kadii Gona na Kadii Gona. Wenyewe huitana somo. Nyumbani hakuna awakoseaye, maana mmoja ni Kadii Mubomu, yule mkubwa aliyeolewa na Kavumbi kule Sabaki, na mwingine ni Kadii Mudide, huyu mdogo aliyeposwa na Jefwa. Ni sisi wa mafaili tu tusiojua mkubwa na mdogo. Na unajua ni yupi aliyelazwa Mombasa mwaka ule, kwa sababu ulikwenda Sabaki kwa miguu yako kumpa Mubomu pole ya mtoto, ukarudi ukatusimulia mimi na mama jinsi alivyokuwa hawezi kuinama. Nilikuwa nimekuja likizo. Nilikuwa nikichambua mchicha. Ulidhani nimesahau?

Ulikuja dirishani kwangu na majina mawili, na lile la tatu ukaliacha nyumbani. Ungesema Kadii Gona Mudide, faili ningelitoa lile jembamba lenye homa na malaria, na ungerudi mikono mitupu. Ulitaka nitoe lile nene. Ulimtaka Jefwa amwoe binti wa shoga yako wa Gongoni ili uwe na mtu wako katika nyumba ile. Nakuambia haya bila adabu, na wala siombi radhi. Umenitumia kama mtu anavyotumia jiti kutolea nyama katika meno, kisha ukalitupa na kusema ni jiti ndilo lililochokoa.

Hiyo ndiyo barua niliyoitaka kuandika. Nimeianza mara tatu, na mara tatu ikaishia hapo, nikaikunja. Usiku wa jana nikaikunjua, kwa sababu kuna jambo sijakwambia.

Kadii Mudide alikuja mwenyewe, Jumatatu ya wiki iliyopita. Alipanga foleni kama watu wengine, akasimama juani mpaka zamu yake, na wale wa Magarini waliokuwa nyuma yake wakawa wanagusana viwiko. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema yeye haumwi, anataka nitoke nje. Nikatoka. Nilidhani atanipiga, nikasema moyoni heri anipige. Tukasimama penye ukuta ambapo hutundikwa shuka za wagonjwa.

Jambo la kwanza aliniambia kwamba hakuja kunisamehe, kwa hiyo niuondoe ule uso wa mbuzi aliyenyeshewa. La pili, kwamba Jefwa si kitu. Mwanamume aliyeambiwa neno la jikoni akaliamini bila kuja kumuuliza, hata akija leo kwa magoti atamwambia ayapanguse magoti yake arudi kwao. Alichopungukiwa ni jina lake, basi. Analitaka. Nikamwambia nitakwenda nikaseme mbele ya wazee kwamba faili lile si lake. Nilidhani nimesema jema. Alinishika mkono hapa juu ya kiwiko, akaniminya mpaka leo pana alama. Akaniuliza kama ubongo wangu nao ninauongeza maji kama uji. Siku nitakayosema si lake, alisema, mtu yeyote pale atawahesabu Kadii wa boma lao, na wako wawili.

Ndipo nilipojua kilichokuwa ndani ya faili lile, Dada. Nilikuwa nimelisoma sikulijua. Kavumbi alikuwa Voi kwenye mashamba ya mkonge wakati mkewe anapasuliwa. Aliporudi aliambiwa mtoto amekufa, na hiyo ni kweli, lakini la kizazi hakuambiwa. Alilijua mama yake Mubomu, na babake aliyeweka kidole kwenye karatasi, na huyu Mudide, aliyelalia mkeka mmoja naye likizo ile alipokuwa akiuguzwa. Hao tu. Miaka mitatu Kavumbi anangoja mtoto wa pili, na mamake amesema mwaka huu ukiisha hivi hivi, mke huyu atarudishwa kwao na yule mtoto wake mmoja, wa uzazi wa kwanza, atabaki Sabaki. Mubomu alipozisikia habari za posa kuvunjika alikuja mbio kwa mdogo wake, akisema atajitokeza aseme ni yeye. Mudide akamwambia akithubutu atamvunja miguu. Basi tangu mwezi uliopita anatukanwa kinuni kwa maradhi ya mwenziwe, anajua ni ya nani, na anasaga mahindi yake anarudi nyumbani.

Kabla hajaondoka aliniuliza swali moja. Aliniuliza polepole, kama mwalimu anayejua jibu. Alisema, Nyevu, tumelala vitanda vya jirani miaka minne, na kila alfajiri tumeoga bomba moja. Mshono wangu uko wapi?

Sikumjibu. Nakujibu wewe.

Hana mshono. Tumbo lake ni safi kama lilivyozaliwa, nimeliona kila asubuhi ya Mungu kwa miaka minne. Na Julai ya mwaka wa 1984 hakuwa Mombasa, alikuwa kidato cha pili pamoja nami, alikuwa nahodha wa mpira wa pete, na siku tuliposhinda alirukaruka juu ya kitanda changu mpaka kamba moja ikakatika. Niliyajua haya yote nikiwa nimeegemea mlango na faili mkononi. Niliyajua kabla sijafunua ukurasa wa pili. Ulipokuja hukuwa umenidanganya, maana nilikuwa nimekwisha kujua kwamba huyu ni Kadii mwingine, na nilikumbuka hata ni nani, na hata ule mchicha niliukumbuka. Nilitoka nje na bado najua. Nilipofungua kinywa nilijua.

Utauliza kwa nini. Shuleni Kadii alinipa jina. Nikisimamishwa kusoma mbele ya darasa, sauti ikanikwama, yeye nyuma kabisa husema redio haina betri, na darasa zima huanguka. Ikawa ndilo jina langu. Ikafika kidato cha tatu hata mwalimu wa Jiografia alikuwa akiniita Betri. Kadii hakunipiga wala hakuniibia kitu, na chakula chake alikuwa akinigawia. Ni jambo dogo, na nikiliandika hapa nalionea haya zaidi. Lakini nilikuwa nalo kifuani kama mwiba wa samaki, na siku ile nikalifungua faili nikaona mahali pa kulitapikia. Na kingine nikwambie. Nyuma ya lile jiko hukuniambia niongeze sauti. Ulisogeza sikio lako. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza hivyo, hata wewe. Nikaona utamu. Nilisema mpaka habari za kusafishwa mshono, ambazo hukuniuliza.

Kwa hiyo mstari wako wa mwisho ni kweli. Nilichukua kalamu ili niukatae na nimefika hapa siwezi. Wewe ulijua si yeye, na mimi nilijua si yeye, na kila mmoja wetu akamtegea mwenziwe awe mwongo. Nimekuchukia wiki nzima kwa jambo ambalo nusu yake nilikuwa nimelikalia mimi. Bado nakuchukia. Lakini sasa tuko sawa.

Jumatatu hii nilimweleza Bwana Badi. Hakunifokea. Alivua kofia akaitazama ndani, akaivaa tena, akaniomba ufunguo. Aliuliza kama nimemtaja Mubomu kwa mtu yeyote, nikasema hapana, akasema nisimtaje hata kwake. Nimemtaja hapa kwa sababu tu wewe ulimjua kabla yangu. Kisha akanifanya niyatoe yale mafaili mawili, niandike juu ya kila moja mwaka wa kuzaliwa na jina la mama, na nilipomaliza akanionyesha mlango. Kuhusu ile nafasi ya chuo cha utunzaji wa rekodi aliyokuwa akiniombea, barua aliitoa kwenye droo akaichana mara mbili, bila hasira, kama mtu anayechana karatasi ya kufungia sukari. Alisema wazee wakija kumuuliza atawajibu mambo mawili, kwamba binti huyo aliyeposwa hajatibiwa hapa ila malaria, na kwamba kerani wake amefukuzwa kwa kuzua maneno juu ya wagonjwa. Yote mawili ni ya kweli. Yeye hatasema uongo. Uongo utakuwa wangu.

Jumapili nitakuja. Nimempelekea Mzee Gona, babake Mudide, ujumbe na amekubali kuwaita wazee wa kina Thuku baada ya kanisa. Nitasimama niseme kwamba hakuna faili. Sitasema lipo ila ni la mwingine. Nitasema halipo, halijawahi kuwapo, kwamba nililiumba lote kwa kinywa changu, Mombasa, mtoto, kizazi na mshono, kwa sababu nilimchukia Kadii tangu shule. Nitawaambia lile jina aliloniita, wacheke. Wakicheka wataamini. Kadii nimemweleza hivyo na amesema neno moja tu, kwamba nisije nikanong'ona.

Mama atakuwepo. Najua atakavyoketi. Najua pia nitakavyoitwa kuanzia siku hiyo, kutoka Magarini hadi Ngomeni, na kwamba hakuna ofisi itakayonipa hata ufagio. Nimelifikiria hilo na nimelia nalo, limekwisha.

Wewe sitakutaja. Usidhani ni mapenzi. Nikikutaja wataanza kuuliza ulikuja kutafuta nini na ulikuwa unajua nini, na maswali yatatembea mpaka Sabaki. Nitasema nilikuletea maneno mwenyewe, bila kuulizwa, na wewe ukayaamini kwa kuwa mimi ni mdogo wako. Utatoka pale msafi. Utaonewa huruma. Chukua huruma hiyo ukae nayo.

Lakini nakujua ulimi. Utakapoona mama analia na mimi natukanwa, ama utataka kunitetea, ama utataka watu wajue kwamba hukudanganywa na mtoto. Utafungua kinywa useme faili lipo, Nyevu hakuzua, ila ni la yule mwingine. Ukisema hivyo, kesho yake Mubomu atakuja njia ile ya Sabaki na nguo zake kichwani, bila mtoto, na mateso yote ya Mudide pale kinuni yatakuwa ya bure.

Wazee watakugeukia, Dada. Lazima watakugeukia, wewe ndiye uliyeyaleta katika nyumba yao. Watakuuliza mbele ya watu wote kama mdogo wako ni mwongo. Usilie, usieleze, usiniangalie. Sema ndiyo, ni mwongo, tangu utoto wake. Kisha uketi.

Nisalimie shemeji Kaingu, na watoto kila mmoja kwa jina lake. Mama mkwe wako mpe shikamoo yangu. Jefwa usimpe kitu.

Ni mimi, mdogo wako,

Nyevu Menza